Kwanini navy ya Nigeria bado inavaa Kiingereza kitupu? Na ule mzunguko wa dhahabu mkononi una maana gani?

#1 Mtepe Mkavu
Wakuu heshima kwenu. Nimeangalia video ya gwaride la navy (jeshi la majini) ya Nigeria, ile siku yao ya tarehe 1 Juni, aisee nimebaki nacheka peke yangu. Maofisa wamepiga nyeupe pee, kola imefungwa mpaka kooni, upanga ubavuni, tepe za dhahabu begani na ile ya juu kabisa imekunjwa kamzunguko, afu vijana wa chini wana zile kola pana za bluu zinazolala mgongoni na mistari mitatu myeupe pembeni. Ukifumba jicho moja unaapa uko Portsmouth, bandari ya navy ya Uingereza. Nchi imepata uhuru 1960, ikawa jamhuri 1963, neno "Royal" wakalifuta, taji la malkia likatoka kwenye beji, sasa nguo kwanini hazikuguswa? Mi msimamo wangu huu ni utumwa wa akili, basi. Anayejua zaidi ashuke na data. Na hako kamzunguko ni kanini?

#2 Kipepeo wa Buguruni
Nakaa siti ya mbele kabisa hapa na karanga zangu.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mtepe kabla hujafika kwenye utumwa wa akili tuweke historia sawa maana hata hiyo tarehe 1 Juni ina mgogoro wake. Kulikuwa na idara ya serikali ya kikoloni inaitwa Nigerian Marine, ya kusini na ya kaskazini zikaunganishwa 1914 gavana Mwingereza Lugard alipounganisha nchi yenyewe. Ile haikuwa jeshi. Walikuwa wanachimbua mchanga mdomoni mwa bandari, wanaendesha pantoni, wanaweka maboya, wanaongoza meli kuingia Lagos. Mwaka 1955 ikaanzishwa mamlaka ya bandari, kazi za bandari zikahamia huko, na kwenye mabaki ya ile idara pamoja na maofisa wa Kiingereza ndo kikatengenezwa kikosi kinaitwa Nigerian Naval Force, 1956. Sheria ya kukifanya navy kamili ikaja 1958, kikawa Royal Nigerian Navy.

Kwahiyo ukiwauliza Wanigeria wenyewe mmoja atakwambia wameanza 1887 na Marine ya Lagos, mwingine 1914, mwingine 1956. Rasmi wanahesabu 1956, ndo maana 2016 walisherehekea miaka 60. Sasa swali lako la nguo jibu lake ni jepesi: walioanzisha ni Waingereza, meli ya kwanza kubwa ilikuwa meli vita ya Kiingereza HMS Hare ya vita vya pili vya dunia ikabadilishwa jina ikaitwa Nigeria, walimu Waingereza, stoo ya nguo Waingereza. Ulitaka wavae nini?

#4 Otieno wa Likoni
Hapa kwetu pia ni hivo tu bana. Kulikuwa na Royal East African Navy makao yake Mombasa, ikavunjwa 1962, Kenya Navy ikaundwa 12 Desemba 1964. Lakini kuna kitu kinanishangaza, mkuu wa navy ya Nigeria ni Vice Admiral, wa Ghana ni Rear Admiral, wetu ni Meja Jenerali! Jamaa wa baharini na cheo cha nchi kavu. Kwahiyo sisi tulibadilisha vyeo tukaacha nguo, wao wakaacha vyote. Nani mkoloni zaidi hapo?

#5 Mtepe Mkavu
Mwalimu shukrani kwa darasa ila hujajibu swali. Kuanza na Waingereza sawa, hakuna anayebisha. Miaka sitini na kitu baadae bado? Nkrumah alivaa batakari, vazi la asili la Ghana, siku anatangaza uhuru, Mobutu akapiga marufuku suti na tai nchi nzima, navy peke yake ndo haikupata habari za uhuru?

#6 Baharia Mkongwe
Nimesafiri na meli za mizigo miaka mingi nikiwa mtu wa injini, ngoja nichangie kuhusu huo mzunguko. Waingereza waliuanzisha 1856. Hadithi tuliyopigiwa chuoni ni kwamba kuna kapteni anaitwa Elliot alijeruhiwa mkono vita vya Crimea, akaukata utepe wa dhahabu wa koti lake akautundikia mkono shingoni, wakuu wake wakampa heshima kwa kuweka kitanzi kwenye tepe za maofisa wote. Wenyewe wanauita jicho la Elliot. Mwanzoni ulikuwa wa maofisa wa sitaha tu, wale wanaoamrisha meli, madaktari na wahasibu na sisi mafundi hatukuwa nao. Baadae ndo wakagawiwa wote.

Wamarekani badala ya mzunguko wana nyota, Wachina hali kadhalika nyota. Kwahiyo ukiona mzunguko jua hapo alipita Mwingereza au mwanafunzi wake.

#7 Fundi Manyanga
Mi kazi yangu ni cherehani, nashona sare za walinzi, bendi za shule na vijana wa meli za abiria, na naomba niseme kitu ambacho nyie wa historia hamtakisema. Huo mzunguko ni MATESO. Utepe wa dhahabu umefumwa ulale flati, ukiukunja duara upande wa nje unakaza na wa ndani unajikusanya unafanya makunyanzi. Inabidi upitishe uzi kwenye ukingo wa ndani, uuvute taratibu mpaka ukubali, afu ushone kwa mkono maana mashine itakupeleka vibaya. Na mkono wa kulia na wa kushoto lazima vilingane kimo, ukikosea milimita kadhaa mtu akisimama mkao wa sawa inaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Bado jasho na chumvi ya pwani, ile dhahabu ya bei rahisi msimu mmoja tu imegeuka rangi ya sufuria lililoungua. Nyota ungeshona kwa robo saa. Mtu asiyependa mzunguko huo kwa moyo angeshauacha zamani, kwahiyo mi naamini wanaupenda kwelikweli. Sio kukariri tu.

#8 Kipepeo wa Buguruni
Fundi kafunga mjadala kwa sindano 😂

#9 Bin Shehe wa Malindi
Assalam alaykum nyote. Mumeruka jambo la kola. Ile mistari mitatu myeupe ni ushindi mitatu wa Nelson, admirali wa Kiingereza: Mto Nile, Copenhagen na Trafalgar. Na kile kitambaa cheusi cha hariri wanachofunga kifuani ni msiba wake alipouawa 1805. Sasa Mnigeria ana msiba gani na Nelson? Hapo namuunga mkono Mtepe.

#10 Mwalimu wa Zamu
Sheikh hiyo hadithi ni tamu ila haisimami. Sare rasmi ya mabaharia wa kawaida wa Kiingereza imekuja 1857, kabla ya hapo kila mtu anavaa anachonunua kwa karani wa meli. Kitambaa cheusi mabaharia walikuwa nacho kabla Nelson hajafa, walikuwa wanajifunga kichwani na shingoni kufutia jasho. Na kuhusu mistari, nenda Urusi, mabaharia wao nao wana kola yenye mistari mitatu, na wao wanakwambia ni ushindi wa Gangut, Chesma na Sinop! Mistari ile ile, vita vingine kabisa. Yaani kila navy ina mistari mitatu kwanza afu inatafuta vita vya kuibandika. Nigeria wakitaka na wao wataje vyao, Bonny, Calabar na ya tatu watapata tu.

#11 Bin Shehe wa Malindi
Huyo Mrusi kamuiga Mwingereza na vita akabadili. Haiondoi asili.

#12 Ngwasuma
Mwalimu usipoteze nguvu, mzee hatoki hapo leo.

Afu mnaongelea Nelson mmesahau kituko chenyewe. 2005 Waingereza walifanya maonyesho makubwa ya meli vita Portsmouth kuadhimisha miaka 200 ya Trafalgar, mataifa mengi yakaalikwa, na Nigeria wakapeleka manowari yao Aradu, wakatoka Lagos mpaka kule. Msiba wa Nelson miaka 200 baadae na Mnigeria kahudhuria tena kapiga pasi. Mtepe nakupa pointi moja.

#13 Baharia Mkongwe
Ngwasuma uko sahihi ila usiidharau ile meli, Aradu ilikuwa mashine. Imejengwa Hamburg na Blohm + Voss, ikaingia kazini 1982, helikopta juu, makombora ya Otomat, wakati ule hakuna navy Afrika magharibi iliyokuwa na kitu cha kukaa nayo karibu. Jina ni la Kihausa, radi. Ilipokuja ikachukua nafasi ya meli kuu kutoka meli ya zamani NNS Nigeria iliyojengwa Uholanzi miaka ya 60 (sio ile HMS Hare), ile ya zamani wakaibadilisha jina ikawa Obuma. Tatizo likawa matunzo, miaka mingi imekaa gatini haiendi popote.

Na niwaambie nyie mnaotazama gwaride tu: nimekaa nanga nje ya Lagos na Bonny, hao jamaa walipopanda melini kwetu hakuna aliyevaa nyeupe. Wamevaa kombati ya bluu, buti, fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma ina mikwaruzo, na kifuani jina limeshonwa kwa herufi nyeusi. Maji ya Nigeria hairuhusiwi kuleta walinzi binafsi wa kigeni wenye bunduki, kwahiyo meli ikitaka ulinzi ni wanajeshi wao wenyewe. Walikaa na sisi siku kadhaa, mmoja alikuwa anafua fulana yake kwenye ndoo nyuma ya meli na kuianika kwenye reli, mpishi wetu Mfilipino akimpigia kelele. Hiyo nyeupe ni ya siku ya picha.

#14 Kipepeo wa Buguruni
Swali la kijinga: kombati ya rangi ya bluu baharini ya nini? Si mtu akidondoka majini hamumuoni tena?

#15 Ngwasuma
Sio la kijinga hata kidogo, Wamarekani waliuliziwa swali hilo hilo miaka kumi. Walikuwa na kombati ya madoa ya bluu, mabaharia wenyewe wakasema hii inatuficha pale tu ambapo tunataka kuonekana. Afu 2012 ikagundulika kitambaa chake kina nailoni nyingi kikishika moto kinayeyuka, na melini adui namba moja ni moto. Wakaitoa rasmi Oktoba 2019. Mi nadhani navy nyingi za Afrika zilipenda ile bluu kwa sababu inatofautisha wao na jeshi la nchi kavu, hasa nchi ambazo wanajeshi wa nchi kavu ndo wenye kupindua serikali. Mtaani ukionekana na kombati ya kijani watu wanakuhesabu na wale wengine.

#16 Otieno wa Likoni
Hiyo theory ya Ngwasuma imeniingia. Manze hata ile nyeupe inawezekana ni hivo hivo. Navy ni kidogo, army ni kubwa, lazima ujitofautishe, na ukitupa sare ya Kiingereza unabaki na nini? Unavaa kama army.

#17 Dada Zuwena
Salaam. Nimesoma yote, kuna kitu mnakipita kila mara, mnaongea kana kwamba Mwafrika magharibi ameanza kuvaa nguo za ubaharia 1956 alipovishwa na mwalimu wa Kiingereza. Sio kweli. Wakru wa pwani ya Liberia na Freetown walikuwa wanaandikwa kwenye meli vita za Kiingereza karne nzima ya 19, kikosi kile kilichokuwa kinakamata meli za watumwa kisingefanya kazi bila wao, ndo waliokuwa wanapiga makasia kwenye joto wakati Waingereza wanakufa kwa malaria. Walikuwa na chale ya bluu nyeusi kutoka kipaji cha uso kushuka puani, alama yao ya utu huru, mtu akiiona anajua huyu hauziki. Makarani wa meli walishindwa kuandika majina yao wakawapa ya ovyo, kuna aliyeandikwa Bottle of Beer na ndo jina lililobaki kwenye daftari.

Na hawa walifika mpaka kwetu. Meli za doria za Kiingereza huku pwani ya mashariki zilikuwa na Wakru na vile vile watu wetu, walioitwa Seedi. Ile HMS London iliyotia nanga Unguja kuanzia 1874 karibu miaka kumi, bibi yangu alikuwa anasema wazee wa Forodhani waliihesabu kama jengo la mji maana haikuwa inaondoka.

Kwahiyo ile sare ilipowekwa rasmi 1857 Mwafrika alikuwa tayari yumo melini. Kuiita ya Mwingereza peke yake ni kumpa zaidi ya alichotoa.

#18 Mtepe Mkavu
Dada Zuwena hii sikuijua, ahsante sana. Ila huoni inaniunga mkono mimi? Hao Wakru cheo chao cha juu kabisa kilikuwa kiongozi wa Wakru wenzao. Hakuna aliyevaa huo utepe wa dhahabu. Kuvaa shati la bwana wako sio kwamba shati ni lako.

#19 Dada Zuwena
Na jasho lililoloa kwenye hilo shati ni la nani Mtepe?

#20 Kipepeo wa Buguruni
Weeeee. Karanga zimeisha.

#21 Mwalimu wa Zamu
Dada kasema vizuri ila niweke tahadhari, Wakru ni habari ya Liberia na Sierra Leone. Navy ya Nigeria imetoka kwenye ile Marine ya pantoni na maboya, watu wake wa kwanza walitoka pwani ya Lagos, Calabar na delta. Sio mstari mmoja ulionyooka. Tusishone historia kwa kulazimisha.

#22 Ngwasuma
Kama ni kubadilisha, aliyekuwa na nia alikuwa Nkrumah. Navy ya Ghana imeundwa Julai 1959, meli za kwanza vifagia mabomu viwili vya Kiingereza wakaviita Yogaga na Afadzato, hilo jina la pili ni la mlima wao mrefu kuliko yote. 1961 akamtimua jenerali Alexander Mwingereza aliyekuwa mkuu wa majeshi, akapeleka makadeti kusoma Urusi, navy akampa Hansen Mghana wa kwanza. Mnaona? Kila kitu kilikuwa kinaelekea Moscow. Na sare? Imebaki ile ile. Hata yeye hakuigusa. Afu akaagiza Uingereza yoti yake ya kifahari ya kutembelea baharini, akapinduliwa kabla haijaisha.

#23 Baharia Mkongwe
Ngwasuma hapo kwenye yoti nakusahihisha. Ilikuwa manowari yenye mizinga, ingekuwa meli kuu ya navy yao na rais angeweza kupanda pia, jina ilikuwa iitwe Black Star. Ilikuwa inajengwa na Yarrow kule Glasgow. Nkrumah akapinduliwa 24 Februari 1966 akiwa njiani kwenda Hanoi, serikali mpya ikasema hatuitaki. Meli ikashushwa majini Desemba mwaka huo bila sherehe yoyote. Ikakaa miaka haina mwenyewe. 1972 navy ya Kiingereza ikainunua ikaiita Mermaid, na 1976 ikagongana na meli ndogo ya Fittleton bahari ya kaskazini, watu 12 wakafa. Mwaka uliofuata Malaysia wakainunua wakaiita Hang Tuah. Wakati inaagizwa Accra na inakuja kuishia Malaysia, hakuna Mghana hata mmoja aliyewahi kuiongoza.

#24 Otieno wa Likoni
Hiyo meli ilikuwa na mkosi tangu tumboni.

#25 Fundi Manyanga
Nina swali kwa Baharia. Nimewahi kushonea jamaa wa meli ya mizigo, mtu wa injini, alitaka katikati ya tepe za dhahabu niweke kitambaa cha zambarau. Akaniambia ni heshima ya mafundi wa Titanic waliokufa wote wakiendelea kuzalisha umeme. Ni kweli au alinipiga kamba?

#26 Baharia Mkongwe
Hata mimi nina zambarau hiyo begani fundi wangu, na hadithi ya Titanic ndo wanayokupa wote, mfalme sijui alitoa amri. Lakini navy ya Kiingereza iliwapa mafundi zambarau 1863, Titanic imezama 1912, hesabu mwenyewe. Madaktari nyekundu, wahasibu nyeupe. 1955 wakafuta rangi zote wakabakisha za madaktari na wenzao, meli za biashara sisi tukaendelea nazo.

Na hapa ndo kuna kitu kizuri cha Nigeria. Mnigeria wa kwanza kuongoza navy yao ni Wey, Joseph Akinwale Wey, 1964, na yeye alikuwa mtu wa injini, katoka kwenye ile Marine ya zamani. Baadae akawa namba mbili wa Gowon, mtawala wa kijeshi wa Nigeria, mpaka 1975. Angeingia navy miaka michache nyuma angevaa zambarau na kila mtu angemwona huyu ni wa chini kule kwenye mafuta. Alipoingia rangi zimefutwa, tepe zake zikawa sawa na za kila mtu. Kwa Uingereza fundi kuongoza navy nzima ni ndoto.

#27 Bin Shehe wa Malindi
Basi sare ile ile imemtendea wema.

#28 Mwalimu wa Zamu
Na wengine pia, 2012 alipandishwa Itunu Hotonu kuwa Rear Admiral, mwanamke wa kwanza Nigeria, taaluma yake ni msanifu majengo. Mzunguko ule ule.

#29 Mtepe Mkavu
Sawa lakini hiyo ni heshima ya cheo, haijibu kwanini muundo wa nguo. Na wakuu tusisahau wenye mizunguko hiyo hiyo walifanya nini kuanzia 2003. Meli ya mafuta African Pride ilikamatwa na mafuta ya wizi, ikawa chini ya ulinzi wa navy, mwaka uliofuata IKATOWEKA. Meli nzima! 2005 mahakama ya kijeshi ikawavua vyeo maadmirali wawili. Hako kamzunguko kakachanwa.

#30 Kipepeo wa Buguruni
Meli imetoweka kama mboga jikoni kwa mpangaji mwenzio, unauliza nani kala kila mtu anaangalia dari.

#31 Ngwasuma
Tukitaja hilo tutaje na la 2016, meli ya mafuta Maximus ilitekwa na maharamia, ikafukuzwa kuanzia Ivory Coast, Ghana, Togo mpaka maji ya São Tomé, na waliopanda usiku kuikomboa ni makomando wa navy ya Nigeria. Ile hawakuvaa nyeupe hahaha.

#32 Otieno wa Likoni
Ati Biafra nao walikuwa na navy? Walivaa nini?

#33 Mwalimu wa Zamu
Walikuwa nayo ndogo. Jimbo la mashariki lilipojitenga Mei 1967 boti ya doria ya NNS Ibadan ilibaki upande wao, wakabadilisha herufi tu za mbele ikawa BNS Ibadan. Haikufika mbali, Julai mwaka huo serikali ya shirikisho ikashusha askari Bonny kutokea baharini, ikapigwa pale pale. Na mtu asije hapa na "marine commando wa Adekunle", divisheni ile iliitwa hivyo ila ilikuwa jeshi la nchi kavu, jina tu la kutisha. Maofisa wa pande zote mbili walikuwa wamekula meza moja Apapa kule Lagos miezi michache nyuma, kwahiyo nguo ni zile zile walizotoka nazo.

#34 Dada Zuwena
Kwahiyo wanapigana na kola moja. Mungu wangu.

#35 Jirani wa Toronto
Habari za huko. Nasoma kimyakimya tangu jana naongeza moja. Mtepe umesema Mwafrika ndo haachi. Canada walifuta sare za navy 1968 walipounganisha majeshi yote matatu, wakavaa kijani wote, mzunguko ukafutwa. Malalamiko hayakuisha zaidi ya miaka arobaini, na 2010 navy yao ilipotimiza miaka mia serikali ikaurudisha. Weupe, matajiri, hawana anayewalazimisha, na wameurudisha kwa mikono yao wenyewe. Sasa huo nao ni utumwa wa akili?

#36 Mtepe Mkavu
Canada mfalme wao ni yule yule wa Uingereza mkuu, ule ni ukoo mmoja. Nipe mfano mwingine.

#37 Jirani wa Toronto
India.

#38 Mtepe Mkavu
India nao wana ugonjwa huo huo.

#39 Kipepeo wa Buguruni
😂😂 kila mtu mgonjwa isipokuwa Mtepe

#40 Ngwasuma
Mi nabaki na langu la #15, ni kujitenga na army. Fundi anasema mapenzi, Mwalimu anasema stoo ya nguo, Dada anasema jasho. Hakuna aliyeuliza bei. Kubadilisha sare ya jeshi zima kuanzia vifungo mpaka kofia ni zabuni nono, siku mkubwa mmoja akipata mkandarasi mzuri mtaona mzunguko unavyoisha wiki moja.

#41 Bin Shehe wa Malindi
Hilo ndilo la kweli kuliko yote yaliyosemwa.

#42 Fundi Manyanga
Niiteni kwenye hiyo zabuni.

Kabla sijasahau, kuna aliyeuliza inbox kuhusu suruali. Zile za kizamani za mabaharia wa Kiingereza zilikuwa pana chini, vijana wa miaka ya 70 wangeziita pekosi. Hazipigwi pasi ya mstari wa mbele. Unaigeuza ndani nje, unaikunja kama karatasi ya kupepea kuanzia chini kwenda juu, kila kunjo sawa na upana wa kiganja, afu unapiga pasi. Ukiivaa unapata mistari ya kulala, saba kwa mtu mrefu, tano kwa mfupi. Watakwambia saba ni bahari saba. Mi nawaambia ni sababu sanduku la nguo melini ni dogo na suruali iliyokunjwa hivyo inaingia. Mzee mmoja aliyekuwa navy ya Mombasa enzi za Royal ndo alinionyesha, na alinipiga kofi la mkono nilipotaka kuipasi mbele.

#43 Otieno wa Likoni
Fundi, na mtu mfupi mwenye mistari mitano, bahari mbili anamwachia nani?

#44 Fundi Manyanga
Army.